Barua ya wazi: Dereva aliyehukumiwa kwa ulevi awekewe njia ya kurudi inayojulikana

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi. Mheshimiwa Msajili Mkuu wa Mahakama. Afande Mkurugenzi wa Usalama Barabarani. Na nyote mnaosimamia utoaji wa leseni za udereva nchini Uganda.

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi tunaoandika ni walimu wa udereva, wasaidizi wa kisheria na wawakilishi wa madereva wa malori, teksi na boda boda katika njia ya Malaba hadi Kampala. Tunaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayotumika katika njia hiyo, na kwa sababu Katiba yetu inaitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005.

Ombi letu ni moja. Mtu aliyehukumiwa kwa kuendesha akiwa amelewa, mahakama ikamzuia kuendesha kwa muda, awekewe njia ya kurudi iliyoandikwa kwenye ukurasa mmoja: aanzie wapi, apimwe nini, alipe kiasi gani na wapi, na nani mwenye neno la mwisho. Na katika njia hiyo, jambo la kwanza kupimwa liwe ulevi wake.

Hatumwombei mlevi huruma. Ripoti ya Polisi ya mwaka 2024 ilihesabu watu 5,144 waliokufa barabarani, na ya mwaka 2023 ilihesabu 4,806. Kila mmoja wao ana watu waliomzika. Dereva aliyeua akiwa amelewa hayumo katika barua hii. Kesi yake ni nyingine na adhabu yake ni nyingine. Tunamzungumzia yule aliyenaswa na kawunyemu, yaani mashine ya kupima pombe kwenye pumzi, usiku wa Ijumaa, hakugonga mtu, akashtakiwa, akahukumiwa, akamaliza adhabu yake, na sasa anauliza afanye nini.

Anapouliza na kukosa jibu la uhakika, hutokea moja kati ya mambo matatu. Wachache huacha udereva. Wengine hurudi barabarani bila leseni, nao wakigonga mtu, kampuni ya bima hupata sababu ya kuvutana na familia ya aliyeumia. Wengine humwendea broka, yaani dalali, ambaye hutengeneza barua ya kupotelewa leseni, dereva akapewa kadi nyingine kana kwamba hukumu haikuwahi kuwepo. Katika njia hizi mbili za mwisho serikali haimwoni tena mtu huyo. Hakuna aliyemuuliza kama bado anakunywa asubuhi kabla ya kupakia abiria. Hilo ndilo linalotutisha kuliko jingine lolote, na ndiyo sababu tunasema kwamba utaratibu mzuri wa kurudisha leseni unamlinda abiria kabla ya kumsaidia dereva.

Utaratibu huo unaanzia kwenye kizuizi cha trafiki, usiku uleule, na karatasi ya kwanza ni ile inayotoka kwenye mashine ya pumzi. Kiwango cha kawaida nchini ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Mashine huonyesha kiasi hicho kwa namna tofauti: kuna zinazoonyesha 0.08, kuna zinazoonyesha 0.80, na zile zinazohesabu pumzi yenyewe huonyesha karibu 0.35, yaani miligramu katika lita moja ya pumzi. Zote zinazungumzia kiasi kilekile. Sasa fikirini hati ya mashtaka iliyoandikwa "0.40" bila kipimo mbele yake. Ikiwa ni miligramu kwa lita ya pumzi, mtu huyo ana takriban 92 katika damu, amezidi. Ikiwa ni gramu kwa lita ya damu, ana 40, nusu tu ya kiwango cha 80. Tofauti ya hatia na kutokuwa na hatia imekaa kwenye herufi mbili ambazo hazikuandikwa.

Kwa hiyo tunaomba kila karatasi ya mashine ibaki kwenye faili ikiwa na saa, kipimo, namba ya mashine, na tarehe ambayo mashine ilisawazishwa mara ya mwisho. Kihisio cha mashine hizi huchoka kadiri kinavyotumika. Isiposawazishwa kwa gesi yenye kiasi kinachojulikana, kila miezi sita au kama mtengenezaji anavyoelekeza, namba zake hupotoka taratibu bila mtu kutambua. Askari asubiri dakika 15 kabla ya kupima mtu aliyetoka kunywa sasa hivi au aliyecheua, kwa maana pombe iliyobaki mdomoni hupandisha namba juu ya ile iliyo kwenye damu. Apime mara mbili. Kila mtu awekewe mrija mpya, na auone ukifunguliwa.

Mnaweza kuuliza haya yanahusiana vipi na kurudishiwa leseni mwaka mmoja baadaye. Yanahusiana sana. Mtu aliyekutwa na 90 na mtu aliyekutwa na 220 wote wamevunja sheria, lakini si wagonjwa wa aina moja. Anayeweza kusimama, kuwasha gari na kushika barabara akiwa na 220 mwili wake umeshaizoea pombe. Huyo anahitaji daktari. Uingereza, ambako England na Wales zinatumia kiwango cha 80 kama sisi, mtu akikutwa na 200 au zaidi katika damu, au akikataa kupimwa, au akipatikana na hatia mara mbili ndani ya miaka 10, harudishiwi leseni mpaka achunguzwe na daktari aliyeteuliwa na mamlaka. Wale wa chini ya hapo hurudi kwa njia nyepesi zaidi. Ugawaji huo hauwezekani kama namba ya usiku ule haikutunzwa.

Kutoka kizuizini tunaingia mahakamani. Aliyekamatwa Ijumaa saa tano usiku anatimiza saa 48 Jumapili saa tano usiku, na Katiba, ibara ya 23, inataka awe amefikishwa mahakamani ndani ya muda huo kama hajaachiwa. Bondi ya polisi ni bure, na inafaa kupewa mtu akishalevuka. Tunalitaja kwa sababu mtu aliyekaa ndani mpaka Jumatatu, mchafu, mwenye aibu, na bosi anayepiga simu akiuliza gari liko wapi, hukiri kosa ili aende nyumbani tu. Anasikia faini, anatafuta pesa ya faini, analipa, anaondoka. Kwamba mahakama imemzuia pia kuendesha, mara nyingi analijua siku anapokwenda kuhuisha leseni. Kama kesi iliendeshwa kwa lugha asiyoielewa vizuri, ana haki ya mkalimani bila malipo chini ya ibara ya 28. Mheshimiwa Msajili Mkuu, tunaomba mahakimu wakumbushwe kumweleza mshtakiwa matokeo ya leseni kabla hajakiri, na siyo baada.

Amri yenyewe iandikwe kikamilifu. Amri inayosema tu "asiendeshe miezi 12" inaacha maswali matatu wazi. La kwanza, miezi hiyo inaanza lini: siku ya hukumu, siku aliyokabidhi kadi, au siku aliyotoka gerezani kama alifungwa? La pili, inahusu madaraja gani? Dereva wa trela aliyenaswa akiwa na gari lake dogo siku ya mapumziko, amezuiwa daraja B peke yake au na CE pia? Mwendesha boda mwenye daraja A na B? La tatu, kadi iko wapi? Tunaomba amri iwe na tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, madaraja yote kwa herufi zake, na namba ya sanduku la vielelezo ilikohifadhiwa kadi. Mshtakiwa apewe nakala iliyothibitishwa siku hiyohiyo, ikiwa na sentensi moja inayomkumbusha kwamba notisi ya rufaa hutolewa ndani ya siku 14.

Kuhusu kadi tungependa kusimama kidogo, maana ndipo watu wengi wanapokwamia. Kadi huchukuliwa barabarani, ikaandikwa kwenye kitabu cha kituo, ikafuata faili mahakamani kama kielelezo, na kesi ikiisha hakuna anayeamrishwa kuipeleka popote. Mwenyewe akirudi anaambiwa iko mahakamani. Mahakamani anaambiwa ilirudishwa kituoni. Akichoka anatoa taarifa ya kupotelewa. Hapo mtu aliyekuwa mkweli anasukumwa kusema uongo, na mwongo anapewa mlango uleule. Dawa yake si ngumu. Anayechukua kadi atoe risiti yenye namba ya CRB, yaani namba ya kesi kwenye kitabu cha polisi, na namba ya leseni. Hukumu ikitoka, karani apeleke kadi pamoja na nakala ya amri kwa ofisi ya leseni ndani ya siku saba. Ofisi ya leseni iweke alama kwenye rekodi ya mtu huyo kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa, ili ombi lolote, la kuhuisha, la kadi iliyopotea au la kuongeza daraja, lisimame lenyewe mpaka tarehe ya mwisho ifike. Mahakama zilianza kutumia mfumo wa kielektroniki wa kesi mwaka 2022, na utengenezaji wa leseni ulihamia Uganda Security Printing Company mwaka 2021. Mifumo yote miwili ni mipya kiasi cha kuweza kuunganishwa bila kuvunja chochote.

Sasa afya. Kwa maoni yetu hapa ndipo uzito wa jambo zima ulipo, na ndipo palipoachwa wazi kuliko kwingine. Fomu ya daktari ya kuombea leseni inapima macho, masikio na viungo. Kwa dereva aliyehukumiwa kwa pombe, macho si tatizo lake.

Kifaa cha kuanzia ni cha karatasi na hakina gharama: dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani. Lina maswali 10, alama 0 hadi 40. Kuanzia 8 mtu anakunywa kwa namna ya hatari. Kuanzia 20 anashukiwa kuwa tegemezi na anahitaji uchunguzi kamili. Muuguzi aliyefundishwa analimaliza kwa dakika chache. Udhaifu wake unajulikana: mtu anayetaka leseni yake atajibu kwamba anakunywa soda. Kwa hiyo dodoso lifanywe mara mbili, mara ya kwanza mara tu baada ya hukumu, wakati uongo hauna faida kubwa, na mara ya pili karibu na mwisho wa kipindi, likiambatana na vipimo vya damu.

Kwenye vipimo vya damu tunaomba wizara iwe makini sana, kwa maana kipimo kibaya kitamdhulumu mtu. GGT, kile cha ini, hupanda kwa walevi, lakini hupanda pia kwa mwenye homa ya ini aina ya B, ugonjwa ambao kaskazini na West Nile umeenea kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi. Dereva wa Arua au Gulu asiyegusa pombe anaweza kukutwa na GGT ya juu. Ukubwa wa chembe nyekundu, MCV, nao hupanda kwa walevi, lakini hupanda kwa anayetumia zidovudine miongoni mwa dawa za kupunguza makali ya VVU, na kwa aliyepungukiwa folate au vitamini B12. CDT, kipimo kingine cha damu, inaaminika zaidi: hupanda mtu akinywa sana kwa wiki mbili au zaidi, na hushuka wiki chache baada ya kuacha. PEth inaonyesha pombe yenyewe kwa wiki tatu hadi nne zilizopita. Hizi mbili zinahitaji maabara yenye mashine zake, basi zitumike kwa kundi zito, wale wa 200 na zaidi na wale wa kosa la pili. Wengine watoshwe na AUDIT, GGT na MCV vikisomwa kwa pamoja, na hakuna mtu anyimwe leseni kwa namba moja peke yake.

Aliyekutwa kuwa tegemezi apelekwe kutibiwa. Hospitali ya Butabika ina kitengo cha pombe na dawa za kulevya, na hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili. Daktari anayetibu asiwe ndiye anayetoa cheti cha leseni. Mgonjwa hawezi kumwambia ukweli mtu aliyeshika riziki yake. Na aliye tegemezi asiache pombe ghafla peke yake nyumbani ili apite kipimo. Siku mbili tatu za kwanza anaweza kupata degedege na akafa.

Baada ya afya, darasa. Kufundishwa upya alama za barabarani hakumsaidii mtu huyu, anazijua. Afundishwe hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe. Mwanamume wa kilo 70 akinywa mbili harakaharaka tumbo likiwa tupu anaikaribia 80. Chupa ndogo ya waragi ya mililita 200, ambayo ndiyo ndogo kabisa inayoruhusiwa tangu mifuko ya plastiki ya pombe ipigwe marufuku mwaka 2019, ikiwa na asilimia 40 ina karibu gramu 63; inamfikisha mtu huyo kwenye 130 hivi, na mwanamke wa kilo 60 inampeleka karibu na 190. Mwili huondoa takriban 15 kwa saa, uwe umekunywa kahawa, umeoga maji baridi, umetapika au umekula rolex, ile chapati ya mayai. Aliyemaliza chupa mbili hizo za waragi saa nane usiku akiwa na 260, saa kumi na mbili asubuhi anapoingia stendi bado ana 200, na hatashuka chini ya 80 kabla ya saa nane mchana. Amelala, ameamka, amepiga mswaki, anajiona mzima. Madereva wengi wa asubuhi wanaonaswa ni wa namna hii, na wanashangaa kwa dhati. Pombe za kienyeji, malwa, kwete na tonto, ni vigumu zaidi, maana nguvu yake hubadilika kutoka chungu kimoja hadi kingine na mirija ni ya wengi. Hakuna awezaye kuhesabu alichokunywa. Kanuni inayofaa kufundishwa kwa vinywaji hivyo ni moja: ukinywa leo, kesho yote usiendeshe.

Saa nane za darasa zinatosha, zikigawanywa siku mbili au tatu. Uingereza humpunguzia mtu hadi robo ya muda wa kuzuiwa akimaliza kozi ya namna hii, kwa idhini ya mahakama. Tunaomba jambo hilo lifikiriwe hapa kwa wa kosa la kwanza walio chini ya 200. Anayejua kwamba miezi 12 inaweza kuwa tisa atakuja darasani. Asiyeona faida atakwenda kwa broka.

Kisha jaribio la barabarani kwa IOV, yaani wakaguzi wa magari wa polisi. Hatuoni sababu ya kumrudisha kwenye leseni ya mwanafunzi mtu aliyeendesha miaka kumi, isipokuwa kama amezuiwa zaidi ya miaka miwili. Lakini arudi kwa hatua. Kwanza daraja B, au A kwa wa boda boda asiyebeba abiria. Baada ya miezi sita bila kosa, madaraja ya C. Ya mwisho kabisa yawe madaraja ya D, yale ya kubeba watu, baada ya mwaka, na kwa sharti la kutokutwa na pombe hata kidogo kwa miaka miwili. Tunajua sharti hili litawaumiza madereva wa teksi wanaodaiwa hesabu na mwenye gari kila jioni. Wenzetu wa teksi tulioandika nao barua hii wamelikubali hivyohivyo, kwa sababu ndani ya gari lao wanakaa watoto wa watu. Kadi iliyoisha muda wakati mtu amezuiwa, iwe ya mwaka mmoja, mitatu au mitano, ihuishwe kwa ada ya kawaida bila adhabu ya kuchelewa, kwa kuwa hakuruhusiwa kuihuisha.

Malipo yote, ya darasa, ya uchunguzi, ya jaribio na ya kadi, yapitie namba ya malipo (PRN) ya URA, mamlaka ya mapato, na yabandikwe ukutani. Pesa ya mkononi ikikubaliwa hata kwenye hatua moja, broka amesharudi.

Upo pia mpaka. Dereva wa trela mwenye leseni ya Kenya anaweza kuhukumiwa Tororo Jumatatu na Alhamisi akaonekana Eldoret akiendesha. Na wa kwetu aliyehukumiwa ng'ambo anarudi Malaba leseni yake ikiwa safi. Afande Mkurugenzi, hili linahitaji makubaliano na wenzenu wa jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu kupashana taarifa za amri za kuzuia. Mpaka yatakapopatikana, angalau nakala ya amri itumwe kwa mamlaka iliyotoa leseni.

Wakati haya yakisubiriwa, aliyezuiwa leo atunze nakala iliyothibitishwa ya amri, risiti ya faini, namba ya CRB na namba ya kesi. Muda ukiisha aiandikie ofisi ya leseni barua, nakala kwa mahakama iliyomhukumu, aambatanishe hizo zote na kitambulisho chake, na barua yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Asipojibiwa, Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2005 inamruhusu kuomba rekodi zinazomhusu, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Akikataliwa, aombe sababu kwa maandishi. Ibara ya 42 ya Katiba inampa haki ya kutendewa haki na kila ofisa wa umma, na haki ya kwenda mahakamani kupinga uamuzi. Asiendeshe hata siku moja kabla kadi haijarudi mkononi.

Waheshimiwa, Afande, tuko tayari kukaa na maofisa wenu kuandika ukurasa huo mmoja, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na kuujaribu kwanza kwenye mahakama moja ya njia kuu na moja ya Kampala kabla haujasambazwa nchi nzima. Tunaomba mtujibu kwa maandishi, mkitutajia ofisi tutakayofanya nayo kazi hiyo.

Wenu katika kazi ya barabara,

Walimu wa udereva, wasaidizi wa kisheria na wawakilishi wa madereva, njia ya Malaba hadi Kampala